Kiungulia na Kitanda cha Mkwe

Kwetu Mulanda, karibu na Tororo upande wa Uganda, kila kinachomuuma mtu kati ya kidevu na kitovu kina jina moja tu: alsa, yaani vidonda vya tumbo. Umekula maharage yakakukaa vibaya, ni alsa. Umeshinda na njaa shambani, ni alsa. Umegombana na wifi yako ukakosa hamu ya chakula, hiyo nayo wataiita alsa, na jirani atakuletea mizizi ya kuchemsha bila kuombwa. Kwa hiyo moto ulipoanza kunipanda kutoka tumboni hadi kooni, sikuhangaika kutafuta jina jingine. Nilisema nina alsa kama watu wengine wenye heshima zao, nikaendelea kupalilia karanga.

Haikuwa alsa. Ilikuwa asidi ya tumbo inayopanda juu kwa sababu mlango ulio kati ya koo la chakula na tumbo umelegea na haufungi vizuri. Hiyo ndiyo elimu yote ya udaktari utakayoipata kwangu. Mimi ni mkulima, na karanga zangu nimeziuza soko la Busia miaka mingi, ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki. Naandika kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani ameegemea ukuta akisubiri kupambazuke, na anadhani yuko peke yake.

Hapo ndipo ugonjwa uliponipata vibaya, kwenye kulala. Mchana ulikuwa na shida zake, lakini mchana mtu ana kazi. Nikijilaza tu, kitu kichungu kilipanda hadi mdomoni, nikaamka nakohoa kama mtu aliyekabwa. Nikaanza kulala nimekaa, mgongo kwenye gunia la wimbi, ule ulezi wetu, lililoegemezwa ukutani. Mume wangu, Baba Akoth, alilala kitandani peke yake kama mjane. Mwaka ukapita hivyo, na mwingine ukaja ukanikuta pale pale kwenye gunia.

Sauti nayo ikaondoka. Kanisani mimi ndiye niliyekuwa natoa wimbo, yaani naanzisha, wengine wanaitikia. Jumapili moja nikafungua mdomo, kikatoka kitu kama mlango wenye kutu. Watu wakangoja. Nikajaribu tena, ikawa vile vile, na mwanamke wa nyuma yangu akaanzisha wimbo badala yangu. Aliuanzisha juu mno, wote wakakwama kwenye ubeti wa pili. Sitasema sikufurahi kidogo.

Nguo zikanilegea. Meno ya nyuma yakaanza kuliwa. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa najitibu kwa maji ya majivu. Kwetu tunachoma maganda ya maharage, tunachuja majivu yake kwa maji, na maji yale tunapikia mboga ngumu zikalainika. Nikawaza, ikiwa yanalainisha majani ya kunde, yatashindwaje na tumbo langu? Moto ukipanda, napiga funda. Unatulia kidogo, halafu unarudi na ndugu zake. Kama unasoma haya na una chupa ya maji hayo chini ya kitanda, kaimwage kwenye sufuria ya mboga, ndiko yalikokusudiwa.

Baba Akoth si mtu mbaya, ila alichoka. Kwetu chakula ni ugali wa wimbi na muhogo, na mtu anayeusukuma pembeni kila jioni anaonekana ana neno. "Mama Akoth," aliniambia siku moja, "mimi nimekukosea nini hata chakula changu hukitaki?" Nikamwambia si yeye, ni tumbo. Akatazama sahani, akasema, "Tumbo lako limekuwa na kiburi siku hizi." Nilikasirika nikaondoka mezani, na nilipofika nje nikalia, maana alikuwa na upweke na hakujua kuusema.

Vidonge nilipewa Tororo. Vilinisaidia, nikaviacha, nikarudi, nikaongezewa, mwisho vikawa kama pipi tu. Ndipo sista mmoja wa zahanati aliponiambia kwamba upande wa Kenya, hospitali moja ya Busia, kuna madaktari wamekuja kujaribu matibabu mapya. Hawapasui. Wanapitisha mpira mdomoni ukiwa umelala usingizi wa dawa, wanashuka nao hadi kwenye ule mlango uliolegea, wanaukunja na kuushona kutoka ndani. Wanatafuta wagonjwa ambao vidonge vimewashinda. "Wewe unawafaa kabisa," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa ule kunifanya nifae mahali.

Nilikwenda mvua za kwanza zikianza, watu wakitupa mbegu za wimbi. Kutoka Tororo hadi Busia ni njia ninayoijua, nimeipita na magunia yangu tangu Akoth akiwa mgongoni. Safari hii nilikuwa sina gunia, nikajiona mwepesi na wa ajabu.

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti. Niliwajua wenzangu kabla hatujasalimiana. Watu wa ugonjwa huu hawaegemei nyuma. Wanakaa wima, wanameza mate, na ukiwaangalia utaona kila mmoja ana kitu cha kutafuna mfukoni. Dereva mmoja wa lori, mtu mnene wa Eldoreti, alinikaribisha kipande cha muhogo mbichi. "Hii ndiyo hunisaidia, mama," akasema. Nikamwambia mimi ni maji ya majivu. Tukatazamana, tukacheka hadi tukakohoa wote wawili.

Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Alitueleza kwamba hili ni jaribio, na jaribio lina haki yake. Watapiga kura. Wengine watashonwa ule mlango. Wengine watalazwa, watapewa usingizi, mpira utaingia, utatazama na kutoka, hakuna kitu kitakachofanywa. Hakuna mgonjwa atakayejua yuko kundi gani mpaka miezi ipite. Wale ambao hawakufanyiwa, baadaye watafanyiwa wakitaka. Aliuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Kweli nilielewa, ila nilielewa kwamba ni hao wengine.

Sasa lazima nieleze jambo la Akoth, maana ndilo lililonitesa kuliko mpira.

Akoth ni binti yangu wa kwanza. Ameolewa na Wandera, Msamia, fundi wa matairi ya malori pale mpakani, na nyumba yao iko upande wa Kenya, ukitoka hospitali kwa miguu hata jasho halikutoki. Lakini kwetu mama mkwe hali kwa mkwe wake, wala halali. Hamkai chumba kimoja, hampeani mkono, mkikutana njiani mmoja anapita pembeni na kutazama chini. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo nimeilea kama nilivyolea watoto. Nilikuwa sijawahi kuona ndani ya nyumba ya mwanangu. Alikuwa ananiletea wajukuu sokoni, nawapakata juu ya magunia ya karanga, jioni anawachukua. Wandera mwenyewe nilimjua kwa mgongo wake zaidi kuliko uso.

Kwanza pale hospitali walinipima. Waliingiza mpira mwembamba puani hadi karibu na tumbo, wakanifunga kisanduku kiunoni, wakaniambia niishi kama kawaida na kesho yake nirudi, na kila moto ukipanda nibonyeze kitufe. Niishi kama kawaida! Nilivuka mpaka kurudi Uganda na mpira umebandikwa shavuni. Askari akanisimamisha.

"Mama, hiyo kitu kwa pua ni nini?"

"Ni kipimo cha hospitali."

"Na hiyo sanduku inarekodi?"

"Inarekodi tumbo langu."

Akainama kidogo, kama mtu anayetaka kusikia. "Inasema nini?"

"Inasema ina njaa na wewe unaichelewesha."

Akaniachia nipite. Nilibonyeza kile kitufe njia nzima hadi Mulanda, na Baba Akoth aliponiona hakuuliza kitu, alinivutia kiti tu.

Siku ya matibabu yenyewe, sista aliniuliza baada ya kuamka nitalala wapi. Walikuwa wametuambia tusisafiri njia mbovu, tusibebe kitu, tunywe vitu laini, tukae karibu na hospitali kwa mtu wa kutuangalia. Nikasema, "Kwa binti yangu, hapo tu." Sista akafurahi. Akoth alikuwa amenishika mkono, akafurahi pia, masikini. Tulipotoka nje nikamwambia anitafutie boda.

"Mama, si umesema kwangu?"

"Nimesema kwako. Kwako ni kwa Wandera."

Akoth akaita boda. Alimwambia mwenye boda aende polepole, naye akasema, "Nakwenda pole pole, mama yangu," kisha akaenda kama anafukuzwa. Nilifika nyumbani usiku umeanza kuingia, koo linauma, nikakaa kwenye gunia langu.

Lakini nikapona. Nisikilize vizuri hapa. Nilikunywa uji mwepesi siku zote walizosema, sikubeba hata mtungi, na moto ukapungua. Nikaweza kuegemea chini zaidi, halafu chini zaidi. Sauti ikarudi nusu. Jumapili moja wimbi likiwa limefika magotini, nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilieleza mpira, nilieleza mlango ulioshonwa, nikasema Mungu amewapa wazungu na Wakenya akili. Watu walipiga makofi. Baba Akoth alikaa kifua mbele kana kwamba ni yeye aliyeshona. Nikatoa na wimbo, haukukwama.

Kabla wimbi halijakauka, moto ulirudi. Mwanzo nilidanganya, nikasema ni pilipili. Kisha nikadanganya kwa kukohoa ndani ya nguo. Baada ya mavuno nilikuwa nimerudi kwenye gunia, safari hii la wimbi jipya, na sikuwa na uso wa kumwambia mtu, maana nilishashuhudia.

Muda wa jaribio ulipotimia walituita. Daktari alinikalisha, akafunga mlango, nikajua.

"Mama, wewe ulikuwa katika kundi ambalo halikufanyiwa. Tuliingiza mpira, tukatazama, tukatoa."

"Hamkunishona?"

"Hatukukushona."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hasira zilizonipanda siku ile zilikuwa kali kuliko asidi. Nilimwambia nimekunywa uji kama mtoto mchanga, nimeacha shamba langu kwa nyani, nimesimama mbele ya watu wa Mungu nikashuhudia ushonaji ambao haukuwepo. Nikamwambia kijana, wewe una mama? Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakutazama saa. Kisha akasema, "Na ule unafuu ulikuwa wa kweli, mama. Kifua kilipoa kweli. Hukusema uongo kanisani."

Neno hilo nimekaa nalo sana. Nini kilinituliza ile miezi, ikiwa si uzi? Nafikiri ilikuwa ni kuulizwa. Miaka ile yote hakuna aliyeniuliza moto unaanzia wapi, unapanda saa ngapi, unafanana na nini. Pale waliniuliza wakangoja jibu. Pia kwa mara ya kwanza nilipumzika bila mtu kununa, maana nilikuwa "nimefanyiwa". Mwili ulikubali kutulia kidogo, kisha ukakumbuka mlango bado uko wazi. Sijui kama madaktari wangelieleza hivyo, mimi ndivyo nilivyoelewa.

Kisha daktari akaniambia sasa ni zamu yangu, nikitaka. Ila kwa sharti. Mgonjwa mmoja alikuwa amesafiri mbali mara tu baada ya kushonwa, akabeba mizigo, nyuzi zikaachia. Hawatamgusa mtu asiyekaa karibu. Gesti hawataki, wanataka nyumba yenye mtu wa kumwangalia. "Una binti yako hapo," akasema. "Ulikaa kwake mara ya kwanza, si ndiyo?"

Nikatazama sakafu.

Nilipomwambia Baba Akoth, alikataa kabla sijamaliza. "Ulale kwa mkwe? Kwenye kitanda cha mkwe? Halafu mimi nipite wapi?" Nikamwambia basi nitabaki na gunia langu. Akasema afadhali gunia. Nadhani tulikuwa tumekubaliana, na kila mmoja alikuwa na huzuni kwa makubaliano yale.

Akoth alipopiga simu nikamweleza vivyo hivyo, kwa upole, kwamba haiwezekani na anajua kwa nini. Kisha mwanangu, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akasema, "Mama, unaona heri ufe umekaa ukutani kuliko ulale kwangu? Nimekufagilia nyumba hii miaka sita. Hujawahi kuiona hata siku moja." Na akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Nilikuwa nadhani heshima ile inatuuma mimi na Wandera peke yetu, kumbe aliyekuwa anaumia siku zote ni Akoth. Mchana ule sikupika. Baba Akoth aliporudi kutoka shambani alinikuta pale pale, akasikia maneno ya binti yake kutoka kwangu, akavua viatu polepole sana. Jioni yake ikaja simu nyingine. Ilikuwa Akoth tena, sauti imeshuka. "Mama, Wandera amesema yeye atahama. Atalala kwenye banda la matairi. Mpaka upone hataingia ndani." Nikamtazama mume wangu. Akakuna kichwa, akasema, "Kama hayumo ndani, basi kwa siku hizo nyumba ni ya Akoth." Kisha akaenda kuninyongea kuku wa njiani, akasahau kuwa kuku siwezi kumla.

Walinishona msimu wa kumbikumbi, baada ya mvua kubwa. Safari hii nilipoamka nilijua. Kifua kilinibana, mabega yalinichoma, koo lilikuwa kama limesuguliwa kwa gunzi. Kama nilikuwa na shaka ya mara ya kwanza, ilikwisha. Wewe unayekwenda kufanyiwa, jua kwamba siku za mwanzo si nzuri, kumeza mate ni kazi, na hewa ya tumbo inakataa kutoka. Usiogope. Inapita.

Akoth alinishika, tukatembea taratibu hadi kwake. Mlangoni nilisita. Akaninong'oneza, "Hayupo, Mama." Nikaingia. Nyumba ilikuwa vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyopigwa deki hadi inang'aa, picha ya harusi ya kanisani, vikombe vimepangwa kwenye kabati, na kati yao vile nilivyompa mimi alipoondoka nyumbani. Nikavitazama vyote, kimoja kimoja. Alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri niseme neno. Nikasema, "Umepanga vizuri." Akageuka haraka kwenda jikoni.

Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa. Chini ya miguu yake ya mbele kulikuwa na magogo mawili makubwa ya mvule, meusi kwa grisi. Ni yale ambayo Wandera huweka nyuma ya magurudumu ili lori lisirudi nyuma akiwa chini yake. Hospitali walikuwa wamesema mgonjwa alale kichwa juu, na yeye alikuwa ametoa alichokuwa nacho.

Lakini kulala kwake nilikuwa nimekubali, kula nilikuwa sijakubali. Nilibeba unga wangu kutoka Mulanda, na sufuria yangu pia, na makaa. Akoth aliona nikamwambia asiniudhi. Asubuhi alikuwa anapika uji wangu kwenye sufuria yangu kabla ya kwenda sokoni, nami nakunywa nikijiona nimeshinda. Ila unga wetu ni wa wimbi na muhogo uliovundikwa, uji wake una uchachu, ndiyo utamu wake. Kwenye mshono mbichi uchachu ule ulikuwa kama kumwagia chumvi. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nikanywa nusu. Ya tatu nikakiweka kikombe chini, nikalala nikitazama ukuta, na tumbo likawa linalia kwa njaa badala ya moto. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, na mimi hata kijiko kilinishinda.

Mchana huo Akoth akiwa sokoni, nilisikia mtu anakaa nje, chini ya dirisha. Pazia lilikuwa limefungwa. Akakohoa kidogo kwa adabu.

"Mama, mmeshindaje?"

Sauti yake nilikuwa siijui vizuri. Nilikaza shuka shingoni kana kwamba ananiona. "Tumeshinda salama, baba."

"Akoth ameniambia uji umekushinda."

Nikakisukuma kile kikombe chini ya kitanda.

"Nimeacha maziwa hapo mlangoni, yamechemshwa na kupoa." Akangoja. "Si yangu, Mama. Ng'ombe ni wa jirani, na jirani amekupa wewe."

Nikafikiri. "Na kikombe?"

"Kikombe ni cha Akoth. Alikuja nacho kutoka kwenu."

"Na jiko lililochemsha?"

Nilisikia anajikuna ndevu. "Jiko ni langu, Mama," akasema mwisho. "Hapo nimeshindwa."

Nilicheka, na kucheka kulinichoma mshono hadi machozi yakatoka, na nilipoanza kutoka machozi sikuweza kuyazuia. Nililia kwa njaa, na kwa miaka ile ya gunia, na kwa mtoto wa watu aliyekaa juani akinitafutia njia ya kunilisha bila kunivunjia heshima. Hakuniuliza nalia nini. Alisema tu, "Yatapoa sana, Mama," akaondoka, nikasikia viatu vyake vinafika mbali kabla sijafungua mlango.

Nikanywa. Yalikuwa ya uvuguvugu, hayakunichoma hata kidogo. Kesho yake alileta supu ya samaki iliyochujwa, na safari hii hakusema samaki ni wa nani wala mimi sikuuliza. Siku zote nilizokaa tuliongea hivyo, yeye nje chini ya dirisha, mimi ndani nyuma ya pazia. Nilijua habari za malori, na za mama yake, na kwamba anapenda karanga zangu, za kukaanga. Uso wake hadi leo sijautazama.

Nilipoweza kusafiri nilirudi nyumbani. Baba Akoth alinipokea kituoni, akabeba sufuria. Tulipofika karibu na nyumbani akauliza, bila kunitazama, "Ulikula?"

"Nilikula."

Akatembea kidogo. "Alikulisha vizuri?"

"Vizuri."

"Basi itabidi nimpelekee jogoo," akasema, tukaendelea na njia.

Sasa karanga zimetoa maua. Sitasema nimekuwa mtoto. Mimi na ndizi za kukaanga bado tunaogopana, na kidonge nameza siku mojamoja. Ushuhuda niliutoa tena, nikaeleza yote, na la mara ya kwanza, na kwamba kupona mara mbili kwa ugonjwa mmoja si dhambi. Wapo waliocheka. Wawili walinifuata nje wakaniambia nao wana moto kama wangu. Niliwauliza maswali yote, nikangoja majibu. Sauti imerudi, ila iko chini kidogo ya ile ya zamani, na wimbo nautoa chini, wote wanaufikia. Gunia la wimbi limerudi ghalani. Nalala chali, kitanda kimenyooka, pembeni ya mume wangu, ambaye sasa analalamika kwamba nakoroma.

Juzi nilimpigia Akoth, nikamuuliza kama Wandera alishachukua magogo yake.

"Bado, Mama. Kazini anazuia malori kwa mawe. Namwambia ayatoe, anasema acha, Mama anaweza kurudi."

"Na nyinyi mnalalaje humo?"

"Tunateleza. Kila asubuhi tunajikuta wote tuko miguuni."

Nilicheka, nikamwambia amsalimie. Sikumwambia kwamba magogo siyahitaji tena.